Nichukue jemani shepadi au rotwaila? Jibu kwa msomaji wa Sahare, Tanga

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nakaa Sahare, nyumba ina ukuta na uwanja mdogo tu. Juzi kati wezi waliruka ukuta usiku wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote za kwenye kamba. Mume wangu ni dereva wa malori, wiki nzima anaweza asiwepo. Mimi ni mwalimu, natoka saa 12 asubuhi narudi saa 10 jioni, nyumbani anabaki mama mkwe na mwanangu wa miaka 4. Kuna kijana anauza watoto wa jemani shepadi, wana wiki 5, nimeshampa kianzio. Kaka yangu anasema niachane nao nichukue rotwaila ndo mbwa wa ulinzi. Mama mkwe mbwa hataki kabisa kwa ajili ya swala. Nichukue yupi?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa wizi, mtu akishaingia uani kwako usiku hata usingizi unakuwa si ule tena.

Swali lako nimelisoma mara mbili maana umeniuliza kuhusu mbwa wawili ila mtu muhimu kwenye hadithi yako umemtaja mwishoni kabisa. Hebu angalia siku yako ilivyo. Wewe saa 12 umeshatoka, baba yuko barabarani, sasa kuanzia asubuhi mpaka saa 10 jioni mbwa yuko na nani? Yuko na bibi na mtoto wa miaka 4. Bibi ndo atakayemwekea maji, bibi ndo atamsikia akilia, bibi ndo atamfungia mbwa bandani fundi umeme akija. Kwa hiyo utake usitake mwenye mbwa kwenye nyumba hiyo ni mama mkwe, na mbwa inabidi achaguliwe kwa nguvu zake na kwa moyo wake, si kwa nguvu za kaka yako ambaye hakai hapo. Nyumba nyingi ninazoitwa kwa shida ya mbwa hapa Tanga, shida inaanzia hapohapo, mbwa kanunuliwa na mtu ambaye mchana hayupo.

Tuanze na jemani shepadi kwa sababu hela yako iko huko. Ni mbwa mzuri sana, nampenda, sitasema vingine. Ila mbwa wa mbegu huwa ametengenezwa kwa kazi fulani na ile kazi inabaki kwenye damu hata ukimleta Sahare. Huyu Mjerumani mmoja kapteni wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, ndo alianza kumtengeneza mwaka 1899 kutokana na mbwa wa wachungaji, alitaka mbwa wa kuzunguka kundi la kondoo siku nzima, anayefikiri na kusikiliza amri. Mbwa wa namna hiyo anataka kutembezwa masaa mawili kwa siku na akili yake ipewe kazi, afundishwe, atafutishwe vitu. Nani atafanya hiyo kazi kwako? Wewe ukirudi saa 10 una madaftari ya kusahihisha na chakula cha jioni. Jemani shepadi asiyepewa kazi anajitafutia mwenyewe, atazunguka uwanja mpaka majani yaishe, atabwekea kila bajaji, na kwa sababu damu yake ni ya kuchunga ataanza kumchunga mtoto, anamkimbilia anamzibia njia anambana visigino. Mtoto wa miaka 4 hapo anaanguka, bibi anapiga kelele, mbwa anafungiwa bandani, na akishafungiwa kutwa ndo anaharibika kabisa.

Halafu kuna joto. Kwenye hili wauzaji hawasemi ukweli. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, maji ya kwenye ulimi na njia ya hewa yanakauka yanaondoka na joto. Sasa hewa ya Tanga miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, imejaa unyevu wa bahari, hayo maji hayakauki haraka, mbwa anahema weee na joto haliondoki. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu, akivuka 41 yuko hatarini, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Jemani shepadi ana manyoya tabaka mbili, la chini ni laini kama pamba, na huko alikotoka lina kazi yake, huku kwetu linamtesa. Si kwamba hawezi kuishi, wapo wengi Raskazone na Chumbageni wanaishi vizuri tu, ila wana kivuli, maji muda wote, wanatembezwa alfajiri na usiku, na yupo mtu wa kuwaangalia saa 8 mchana.

Na kupe. Jamani kupe! Yule kupe wa kahawia wa mbwa haishi porini tu, anaishi na nyie nyumbani, anapanda ukutani anajificha kwenye nyufa za banda na nyuma ya fremu za milango, jike moja linataga mayai maelfu. Ndiye anayeleta ugonjwa ambao wataalamu wanauita ehlikia, vijidudu vinavyoishi kwenye seli za damu, na kati ya mbwa wote jemani shepadi ndiye unampiga vibaya kuliko wengine, hilo linajulikana dunia nzima. Anaanza kukosa hamu ya kula, homa, ukifungua mdomo fizi nyeupe badala ya pinki, wengine wanatoka damu puani. Ukiwahi, dawa ipo, doksisaiklini kwa wiki 4 hivi, ukichelewa uboho unashindwa kutengeneza damu na hapo hata mimi mikono inabaki kifuani. Kwa hiyo anayefuga jemani shepadi Tanga lazima awe na bajeti ya dawa ya kupe kila mwezi bila kuruka, masika ndo usiseme.

Sasa rotwaila wa kaka yako. Watu wanamwona kama askari, ila asili yake mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani alikuwa anaswaga ng'ombe wa wachinjaji na kukokota mikokoteni yao. Ni mwili wa nguvu. Dume likikomaa linaweza kufika kilo 50 mpaka 60. Mwanao wa miaka 4 ana kilo ngapi, 15? 16? Na bibi akimshika mnyororo mbwa akaona paka, nani anamvuta nani? Siongelei ukali, rotwaila aliyelelewa vizuri ni mpole kwa watu wake kabisa, naongelea uzito tu, akigeuka kwa furaha ubavu wake unamwangusha mtoto kwenye sakafu ya simenti. Rotwaila anataka mtu mmoja mwenye msimamo anayemfundisha tangu mdogo, kila siku, na awe amezoeshwa wageni, watoto, mama wa maji, wote, kabla hajafika miezi 4. Asipozoeshwa unapata mbwa wa kilo 55 anayemwogopa kila mtu, na mbwa mwenye woga na nguvu ndiye anayeuma. Ongeza na chakula, mbwa wa kilo 40 anakula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 15, na si ugali wa dona mtupu, anataka dagaa, utumbo, mayai, protini ya kweli, la sivyo mifupa inakua kombo. Tena watoto wa rotwaila na dobamani wanaonekana kuumia zaidi na pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu na kutapika unaoua watoto wa mbwa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo nyumba yako ilivyo leo, jibu langu ni kwamba usichukue hata mmoja kati ya hao wawili. Naomba usikasirike, endelea kusoma.

Najua mtu mwingine atakuja na majina mengine kwa hiyo niyapitie haraka. Haski, hapana, huyo ni wa kuvuta mikokoteni kwenye barafu ya Siberia, na kwa ulinzi hafai maana anampenda mwizi kama anavyokupenda wewe. Pagi na buldogi na wote wenye pua iliyobonyea, hapana kubwa, njia yao ya hewa ni fupi na imebanana, kwa unyevu wetu ni mateso tupu, mimi sishauri mtu yeyote wa pwani awafuge kama hana kiyoyozi. Pitibuli mbegu yake ilitengenezwa kwa kupiganisha mbwa na mbwa, mtaani kwenye mbwa wanaozurura ni kesi kila wiki. Boeboli wa Afrika Kusini ni mkubwa kuliko rotwaila. Chiwawa anabweka vizuri tu, ila mifupa yake na mtoto wa miaka 4 haviendani. Rijibeki, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ana damu ya mbwa wa Wakhoikhoi na joto analiweza, ningekuwa na shamba Muheza ningemfuga huyo, lakini anataka kukimbia na uwanja wako haumtoshi. Labrado ana moyo mzuri kuliko wote kwa watoto, tatizo ni mlafi, ananenepa, nyonga zake zinasumbua, na kwa mlinzi atamkaribisha mwizi na kumwonyesha jikoni.

Na kwa wasomaji wa upande wa Pangani, Mkwaja na kandokando ya hifadhi ya Saadani, nyie kabla ya mbegu yoyote fikirieni mbung'o. Mbwa anapata nagana, ugonjwa unaoletwa na huyo mbung'o, vibaya sana, macho yanakuwa na ukungu mweupe, anakonda, anakufa, na mbwa wa kigeni ndo anaondoka mapema. Hata ile ranchi kubwa ya ng'ombe ya Mkwaja ilihangaika na ugonjwa huohuo miaka na miaka mpaka ikafungwa mwaka 2000.

Haya, mbwa wako ni yupi. Mbwa wako mwanangu ni jike la kienyeji, au chotara wa kienyeji na labrado au na jemani shepadi ambaye mama yake ni wa kienyeji na umemwona kwa macho. Kilo 15 mpaka 20 hivi, manyoya mafupi, miguu mirefu mikavu, masikio mepesi.

Najua hapo umekunja uso, kila mtu anakunja. Watu wanaona mbwa wa kienyeji ni wa jalalani kwa sababu wamemwona jalalani tu. Lakini yule mbwa unayemwona anakatiza Ngamiani saa 7 mchana bila hata ulimi kutoka nje, babu na bibi zake wameishi na joto hili na kupe hawa, waliokuwa dhaifu walishakufa wakabaki wenye damu ngumu. Hajatengenezwa na klabu ya mtu, ametengenezwa na mahali. Anaugua, ndiyo, chanjo anahitaji kama wenzake, ila hakugharimu kila mwezi. Na kwa ulinzi unaoutaka wewe sijaona anayemzidi, maana wezi wako walikuwa wa kuruka ukuta kuiba mtungi, hao hawaogopi meno, wanaogopa kelele. Mwizi wa namna hiyo akisikia mbwa anabweka kabla hajagusa ukuta anaenda nyumba ya pili. Mbwa wa kienyeji analala usingizi mwepesi, nyayo za mgeni anazijua toka mbali, na akilishwa na kushikwashikwa tangu mdogo anashikamana na nyumba yake ajabu. Tofauti kati ya huyo na wa jalalani ni malezi tu.

Kwa nini jike? Majike kwa kawaida hayana tabia ya kutorokatoroka kutafuta wenzao na yanakaa karibu na mlango. Shida yake ni joto la kutaka dume, kila miezi 6 hivi anaingia, wiki mbili mpaka tatu, na madume ya Sahare nzima yatapanga foleni getini kwako. Mimba yake ni siku 63 tu, ukizubaa una watoto saba. Dawa yake ni kumfunga kizazi akifika miezi 6, ni operesheni ya kawaida na jioni mara nyingi anarudi nyumbani.

Tuje kwa mama, maana hapo ndo pazito na naomba usimpite juu kwa juu kwa kuwa nyumba ni yake pia. Mimi si shekhe, mambo ya dini mkamuulize shekhe wa msikiti wenu, yeye na mama wakae waongee. Ninachoweza kusema ni nilichokiona kwenye nyumba nyingi za Waislamu hapa Tanga zinazofuga mbwa wa ulinzi kwa amani. Wengi wetu pwani ni Shafi, na kinachowasumbua wazee ni mate na umajimaji, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Basi panga uwanja wako kwa kufuata hilo tangu siku ya kwanza. Banda liwe upande wa nyuma mbali na mlango na mbali na kamba ya nguo, njia ya mama ya kwenda kwenye bomba la udhu isipite bandani. Mbwa awe na bakuli zake za rangi moja ambazo haziingii jikoni hata kuoshwa, ziwe na bomba au ndoo yake. Ndani haingii, na asiingie kamwe tangu mdogo, usimruhusu akiwa kitoto halafu umkataze akikua, hataelewa. Fundisha asirukie watu, ukirukiwa geuka mpe mgongo usiseme kitu, akitua miguu minne chini ndo umsemeshe, wiki chache tu anaelewa. Mbwa asiyerukia na asiyeingia ndani hana sababu ya kugusana na kanzu wala mkeka wa mama. Na mbwa mwepesi mwenye manyoya mafupi anarahisisha hili, jemani shepadi angemwaga manyoya mpaka barazani.

Mama akisema hapana hata baada ya kuongea na shekhe, basi usilete mbwa. Nasema hivi kwa kumhurumia mbwa pia, atakaa mchana kutwa na mtu asiyemtaka kwa miaka 10 au 12.

Kuhusu watoto wa wiki 5 wa huyo kijana, hata kama ungekuwa na kila kitu cha kumfuga jemani shepadi ningekwambia acha. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya wiki 8. Kati ya wiki ya 3 na ya 8 ndipo mama na ndugu zake wanamfundisha kuuma kwa kiasi, akimbana mwenzie sana mwenzie analia na mchezo unaisha, anajifunza kulegeza taya. Ukimtoa wiki ya 5 somo hilo analikosa na atakuja kulimalizia kwenye mkono wa mwanao. Muuzaji anayetoa watoto wiki ya 5 mara nyingi anakwepa kuwalisha na kuwachanja.

Popote utakapoenda kuchagua, nenda mchana, uombe umwone mama yao. Mama akiwa mkali kupita kiasi au anajificha kwa woga, ondoka, tabia hiyo ataipanda kwa watoto. Kisha mshike kitoto kimoja kimoja. Mfunue mdomo wa juu, fizi ziwe pinki, bonyeza kwa kidole ziwe nyeupe na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Angalia katikati ya vidole vya miguu na ndani ya masikio, huko ndo kupe wanapojificha. Tumbo limejaa na limekaza kama ngoma na mwili umekonda, hao ni minyoo, haitishi ila ujue. Pitisha kidole kitovuni kama kuna uvimbe laini. Halafu mlaze chali mkononi umshikilie kidogo, anayepapatika kisha akatulia ndo wako, anayepigana bila kukoma au anayeganda kabisa kwa woga muache. Piga makofi nyuma yao, unataka anayeshtuka halafu anakuja kuangalia ni nini.

Ukishampata, dawa ya minyoo inatakiwa iwe imeanza tangu wiki ya 2, na chanjo za awali zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16, usidanganywe kwamba sindano moja inatosha. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, halafu kila mwaka. Hii usicheze nayo kwa sababu ya mwanao. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Ulizia ofisi ya mifugo ya jiji, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kunakuwa na chanjo za bure. Mfundishe mtoto asimguse mbwa akiwa anakula au amelala, na akiumwa na mbwa yeyote, hata wenu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, si kupaka mafuta ya taa wala majivu.

Mchana asifungwe mnyororo wala asifungiwe kutwa. Nyie uwanja una ukuta, muache huru, banda liwe la kulala, sakafu iinuliwe kidogo na nyufa zizibwe kwa simenti kupe wasipate pa kutagia. Mwarobaini au mwembe ukiwepo mweke chini yake. Alfajiri kabla hujatoka mpe nusu saa ya matembezi mpaka ufukweni na kurudi, jioni mtoto amrushie kitu uwanjani wewe ukiwa umekaa hapo. Kwa mbwa wa kilo 18 hiyo inatosha na bibi hahitaji kumtembeza.

Kuhusu kianzio, mpigie huyo kijana leo usingoje. Mwambie umeambiwa na daktari wiki 5 ni mapema na hali ya nyumba haikuruhusu, muombe akirudishe akishapata mteja mwingine. Akikataa, iache hiyo hela, ni ndogo kuliko ya matibabu ya pavo. Akikwambia ana chotara wa mama wa kienyeji au anamjua mtu mwenye nao, nenda mkaangalie, na ukienda mchukue mama mkwe akachague yeye.